Mtoto Aliyetazama Juu

Nilipoolewa, miaka michache baada ya uhuru, niliingia katika ukoo wa wafugaji wa milima ya Masisi. Kwao bi harusi hashiki jembe wala hainami mpaka azae. Nami, binti wa wakulima wa Nyabiondo, niliyepalilia maharagwe tangu utotoni, niliipokea heshima hiyo kwa mikono miwili. Mimba yote niliegemea ukuta, miguu mbele, kibuyu cha maziwa mkononi. Nilinenepa, nikajiona malkia.

Uchungu ulinishika mgongoni. Siku nzima na usiku mzima kiuno kilikuwa kama kinavunjika, na mtoto hasogei. Mama mkwe alinilaza chali, akanifunika, akanikataza hata kukanyaga chini. Hospitali ilikuwa mbali, na mvua ilikuwa imesomba daraja. Asubuhi ya pili nilimsikia mlangoni akimnong'oneza mume wangu kwamba huenda mmoja wetu akapotea, mama au mtoto. Niliogopa sana. Nilikasirika pia, maana alinong'ona kana kwamba nimeshakuwa maiti.

Ndipo akafika shangazi yangu, kwa miguu kutoka Nyabiondo, matope hadi magotini. Alikuwa amezalisha wanawake wengi wa kwetu. Alinipapasa tumbo taratibu. Kwenye kitovu tumbo lilikuwa limebonyea, na visigino vidogo vilimpiga viganjani.

"Kichwa iko chini, ni muzuri," alisema. "Lakini mugongo yake iko ku mugongo yako. Anaangalia juu. Njo maana kiuno inakuuma hivi. Na vile unalala chali, atageukia wapi?"

Akaomba mkeka na maharagwe, akayamwaga.

"Piga magoti. Weka mikono chini. Chambua."

"Mama, huyu iko muke wa mutoto wangu!" mama mkwe alimaka. "Hapa kwetu hatumuinamishake!"

"Heshima yenu nimeiona, Mama, aksanti. Mumuache azale kwanza."

Wote wawili wakanigeukia. Nikashuka kitandani mwenyewe. Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, makalio juu, tumbo likining'inia, nikaanza kutenga maharagwe mabovu. Aibu ilikuwa imeshakwisha jana yake. Kila uchungu ulipokuja, shangazi alinikandamiza kiuno kwa viganja viwili, nami nilitikisa nyonga na kuwatukana wafugaji wote, nikianza na mume wangu.

Jua lilikuwa limepanda nilipohisi kitu kikubwa kikizunguka ndani, polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini. Maumivu yakahama mgongoni, yakaja mbele.

"Amegeuka!" nilipiga kelele.

Shangazi alishika tumbo, akacheka kwa sauti. Hakuniruhusu kusukuma upesi. Aliningojesha mpaka nikaona siwezi tena kujizuia. Hapo mama mkwe, bila kuambiwa na mtu, alipiga magoti mbele yangu, akanipa mabega yake. Nilimng'ang'ania shingo nusura nimnyonge.

"Sukuma, mutoto yangu," alisema, "sukuma tu!"

Mtoto alitoka uso ukielekea mgongoni kwangu, akalia kabla miguu haijatoka. Shangazi alimpitisha katikati ya magoti yangu, nikampokea: msichana, mzito, mwenye hasira. Wale wanawake wawili walikuwa wakilia tu. Basi vigelegele vya kwanza nilivipiga mimi mwenyewe.