Kosa Lisilo na Mwenyewe

Mwaka ule Noeli ilipoondolewa kwenye siku za mapumziko, watu wa mtaa wa Kasha walikuwa tayari wamezoea kushusha sauti wakiitana. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku tangu miaka miwili nyuma, na kila mtu alikuwa na jina jingine kwenye kitambulisho. Domitille kwenye karatasi aliitwa Nsimire. Nyumbani alibaki Domitille, maana hakuna sheria iliyoweza kuingia jikoni kwa mama yake ikamfundisha mwanamke yule namna ya kumwita binti aliyemzaa mwenyewe. Lakini nje, mtu aliangalia kwanza kushoto na kulia. Papa Firmin peke yake ndiye aliyeendelea kuita watu kwa majina yao ya zamani, tena kwa sauti ya kuvuka barabara, na Domitille alikuwa akimwogopea kila alipofungua mdomo.

Wote wawili walifanya kazi kwenye kiwanda cha magome ya mkinkina, yale ambayo hutolewa dawa ya malaria. Domitille alichambua magome; Papa Firmin aliyaanika juani na kuyageuza kwa reki. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mfupi, meno mawili ya mbele hayapo, na vidole vilivyonuka uchungu wa magome hata baada ya sabuni. Mtu asiyemjua angempita. Aliyemjua alikaa chini, kwa sababu Papa Firmin alikuwa mpiga lulanga, ule ubao wa kabila la Bashi uliochongwa bonde katikati, wenye uzi mmoja unaokwenda na kurudi mara nane. Baba yake aliupiga nyuani kwa machifu, na desturi ya baba ikawa desturi yake: mpiga lulanga hana wimbo wa jana. Anakaa, anatazama waliopo mbele yake, anawataja mmoja mmoja, na anasema anachokiona.

Domitille alikuwa na sauti nzuri ya kanisani, sauti iliyonyooka. Mume wake alikuwa amekwenda Kamituga kutafuta dhahabu, akamwachia watoto watatu na kimya kirefu. Jumapili mchana alikuwa akimpelekea Papa Firmin mahindi ya kuchoma, na siku moja mzee akamwambia aitikie. Hapo ndipo masomo yalipoanza, kama yanaweza kuitwa masomo. Alimwamuru aimbe huku anamenya mihogo. Alimwamuru ajibizane na fundi wa jirani aliyekuwa akigonga mabati. Mara nyingine alilegeza uzi kwa makusudi halafu akajifanya kushangaa.

"Kumbe imelegea! Basi leo tutaimba na kilema," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

"Papa Firmin, fundisha tu vile inaimbwa," Domitille alilalamika. "Mi nitashika kichwani."

"Ukishika kichwani, ni kichwa yangu njo itaimba. Yako itafanya kazi gani, kubeba ndoo?"

Kilichomtia hofu Domitille ni kukosea. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Hata kitenge alikikunja mara tatu. Siku ya kwanza alipochanganya maneno alinyamaza, akaona haya. Papa Firmin hakunyamaza. Alilichukua lile neno lililopotoka, akaliimba yeye, akaliimba tena, akalizungusha mpaka Georgette, mke wake, aliyekuwa akipepeta maharage mlangoni, akaanza kutikisa mabega.

"Unaona? Ukikosa, mi nakosa nyuma yako, vilevile," alimweleza. "Bantu batajua ni nani alianza? Hapana. Kosa inabaki bila mwenyewe. Njo pale inakuwa wimbo."

Domitille alicheka sana siku ile. Baada ya miezi alikuwa anaimba bila kujua neno linalofuata, na furaha hiyo hakuwahi kuipata mahali pengine popote, hata siku ya harusi yake.

Kiwandani mambo yalikuwa ya namna nyingine. Kila asubuhi, kabla ya kazi, wafanyakazi walisimama mbele ya bendera, wakaimba na kucheza kusifu Chama na Kiongozi. Waliita animasyon. Mkuu wake alikuwa mjumbe wa Chama pale kiwandani, sitwayeni Lwaboshi, maana siku hizo hakukuwa tena na bwana wala bibi, wote walikuwa sitwayeni, yaani raia. Lwaboshi huyu alizaliwa Kasha, nyumba ya nne kutoka kwa mama yake Domitille, na kwa miaka thelathini aliitwa Modeste. Siku majina yalipokatazwa alichana kadi yake ya ubatizo mbele ya wafanyakazi wote, akavikanyaga vipande. Wengine walipiga makofi. Papa Firmin aliuliza kama mama yake Modeste ameshaambiwa.

Mwezi wa tatu ikatangazwa kwamba mkubwa mmoja kutoka Kinshasa atatembelea kiwanda. Lwaboshi alisikia kwamba mkubwa anapenda vitu vya asili, akataka lulanga. Aliandika wimbo mwenyewe, akaupiga kwa mashini ya kuandikia nakala tatu, zikagongwa muhuri. Nakala moja ilikwenda kwa watu wa usalama. Chini yake palikuwa na mstari wa sahihi ya kiongozi wa waimbaji, na kiongozi wa waimbaji alikuwa Domitille.

"Tia sahihi hapa, sitwayeni Nsimire," Lwaboshi alimwambia. "Itaimbwa vile imeandikwa. Neno moja ikiongezeka, ni weye."

Alitia sahihi. Wakati wa mazoezi alianza kumwona mwanamume mmoja aliyevaa abakosi ya kijivu, lile koti la mikono mifupi lisilovaliwa na tai, amesimama karibu na lango. Hakuuliza kitu, hakusalimia mtu. Alikuwa na nakala yake mkononi, na kila Papa Firmin alipoupiga wimbo aliufuata kwa kidole kwenye karatasi. Mara ya kwanza kidole kilisimama mahali pawili. Mara ya pili kilisimama mahali patano. Papa Firmin hakuwa anafanya ubishi. Mikono yake ilikuwa tu haijui kupita njia moja mara mbili. Baada ya mazoezi ya tatu, yule mwanamume alikunja karatasi yake vizuri, akaiweka mfukoni, akaondoka bila haraka.

Jumapili Domitille alikwenda kwa mzee, Kasha, mikono mitupu. Hakuweza hata kukaa.

"Papa Firmin, nakuomba. Siku ile moja tu. Shika karatasi."

Mzee alitaka kufanya mzaha; ilionekana usoni mwake jinsi mzaha ulivyokuwa unakuja. Kisha akamwona vizuri, akauacha.

"Banakushikia nini?"

"Sahihi yangu. Na batoto batatu."

Papa Firmin alikwaruza ubao kwa kucha. Georgette aliacha kupepeta.

"Sawa," alisema mwishowe. "Mi nitakuwa redio kwa siku moja. Ju yako, hapana ju ya Modeste."

Juma lote alijifunza wimbo ule kama mtoto wa shule, akisogeza midomo wakati anageuza magome. Ilikuwa inasikitisha kumtazama. Domitille alipaswa kutulia, lakini hakutulia. Kila alipogeuka aliona abakosi ya kijivu, na sasa walikuwa wawili.

Siku yenyewe ikafika. Mkubwa alikaa chini ya turubai, mnene, mpole, na leso mkononi. Wafanyakazi walipangwa mistari. Papa Firmin alipiga wimbo wa karatasi kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, Domitille akaitikia palipoandikwa kuitikia, na kidole cha yule mwanamume hakikusimama hata mara moja. Wimbo ulikwisha. Lwaboshi alikuwa anatabasamu.

Ndipo mkubwa akapangusa shingo, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba hicho ni kizuri lakini kimepoa. Yeye alikuwa amesikia kwamba lulanga ya kweli hutaja watu. Iko wapi hiyo? Wawataje wenyeji wake, hawa waliompokea vizuri hivi. Tena waimbe kwa uhuru, alisema, kwa sababu nchi hii ni huru.

Papa Firmin alimtazama Domitille. Hakukuwa na karatasi tena. Kukataa mbele ya watu wote kulikuwa kosa, na kukubali kulikuwa shimo ambalo hakuna aliyejua kina chake. Mzee akagusa uzi, polepole, akauliza kwa wimbo: ni nani huyu aliyetuletea mgeni? Hiyo ndiyo kazi ya mpiga lulanga, kuuliza. Na kazi ya mwitikiaji ni kutaja.

Domitille alifungua mdomo. Miezi yote ile alikuwa amefundishwa kutonyoosha, kutofikiri, kuimba anachokiona. Alichokiona ni mtoto wa jirani, nyumba ya nne, aliyekuwa akitumwa chumvi kwa mama yake. Akaimba kwa ile sauti yake ya kanisani, wazi kabisa:

"Ni Modeste! Ni Modeste wetu wa Kasha!"

Mistari yote ilisikia. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, halafu akakatiza. Lwaboshi uso ulimgeuka majivu. Domitille akamwona yule mwanamume wa langoni akitoa kalamu.

Na hapo Papa Firmin akaingia. "Modeste!" aliimba, kwa nguvu kuliko Domitille, mara mbili, mara tatu, akilirusha jina juu na kulidaka. Kisha akataja lake: Firmin, mwana wa mpiga lulanga. Akamtaja Isidore wa mashini, Delphine wa stoo, Gaston wa geti, akapita mstari hadi mstari akiwarudishia watu majina yao, anacheka na meno yale yasiyokuwepo, vidole vinakimbia kwa namna ambayo Domitille hakuwahi kuisikia. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine, Mungu awasamehe, walitabasamu. Domitille peke yake hakutajwa. Mkubwa alipiga makofi hadi mwisho, taratibu, akiegemea kumnong'oneza mtu wa pembeni yake.

Watu wa usalama walimchukua Papa Firmin saa ya chakula. Alikuwa ameshanawa mikono.

Siku ya tatu wakamwita Domitille kwenye nyumba moja nyeupe yenye maua, upande wa ziwa. Alipewa kiti. Ofisa aliyemwuliza alikuwa kijana mwenye adabu, na hakuna aliyemgusa hata kwa kidole. Hilo lisemwe wazi, maana baadaye watu walipenda kufikiri vingine.

"Ni nani alitaja hii jina ya kwanza?" ofisa aliuliza. "Banasema banasikia sauti ya mwanamuke. Bengine banasema hapana. Muzee anasema ni yeye. Weye unasema nini?"

Aliwaza watoto. Aliwaza sahihi. Aliwaza pia, na hili ndilo lililomla baadaye, kwamba ndivyo mzee alivyotaka, kwamba akisema kweli ataharibu kile alichofanyiwa. Ni rahisi sana kupata sababu nzuri ukiwa umekaa kwenye kiti kile.

"Ni yeye," akasema.

Ofisa akaandika, akamshukuru, akamfungulia mlango.

Papa Firmin alipelekwa mbali, kambi ya wafungwa ya Ekafera walisema wengine, wengine Kinshasa. Hakuna aliyekuwa na uhakika na hakuna aliyethubutu kuuliza mara mbili. Lwaboshi naye aliondolewa ujumbe, akawekwa kijana mwingine mwenye mashini ileile. Domitille alibaki kiongozi wa waimbaji. Kila asubuhi aliimba wimbo wa karatasi mbele ya bendera bila kukosa neno, na wale wanaume wawili hawakuonekana tena langoni, maana hawakuwa na sababu. Barabarani akimwona Georgette mbali, alikata kona.

Mwezi wa nane ikaja habari, kwa mdomo wa askari aliyekuwa anarudi kwao Mumosho: mzee alikufa kwa kuhara, akazikwa hukohuko. Msiba ulifanyika bila mwili. Domitille hakwenda. Alisema mtoto anaumwa.

Baada ya juma moja Georgette alikuja nyumbani kwake, mchana, hajapiga hodi. Hakukubali kiti wala maji.

"Nakuuliza kintu moja," alisema. "Siku ile. Ni nani alitaja jina ya kwanza?"

Domitille alikuwa ameshika mwiko wa ugali. Alitafuta neno lingine, jepesi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu hakulipata.

"Ni miye, maman Georgette. Ni miye."

"Najua. Nilikuwa kwa lango na sahani yake ya chakula. Sauti yako naijua, ilikuwa inaimba kwangu kila Jumapili."

"Sasa... juu ya nini unaniuliza?"

"Ju miezi tano niko nangoja mutu mumoja aseme."

Domitille alipiga magoti palepale, mwiko mkononi, akaanza kulia na kuomba msamaha, maneno yakipishana, kwa jina la Mungu, kwa jina la watoto. Georgette alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Yeye alikusamehe siku ileile, na lulanga mukononi," alisema. "Miye siko yeye."

Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akatoka, akapanda njia ya kurudi kwake.