Mwaka Nilioambiwa Nimeiba Sauti Yangu

Ulikuwa mwaka ule wa kambale. Maji yaliwahi kuingia mashambani, yalipotoka yakatuachia samaki kwenye kila dimbwi. Tukala kambale wa kuchemsha, kambale wa kukausha, kambale asubuhi na chai, hata padri alipotangaza Kwaresima watu wakacheka kanisani, maana nyama tulishaisahau. Mpunga wa chini ulioza. Wangu, huku upande wa Chita, ulikuwa juu kidogo, ukasimama. Basi ule mpunga ndio ulikuwa chakula chetu cha mwaka mzima, na kwelea, ndege wadogo wala nafaka, nao walikuwa wameuona.

Kwetu ndege hafukuzwi na mtu mmoja. Mimi juu ya dungu langu, kichanja cha kulindia shamba, naimba kipande changu, ndege wanainuka. Wakielekea kwa jirani, anaudaka wimbo pale nilipouacha, anaimba chake, wanainuka tena, hivyo hivyo shamba kwa shamba mpaka wanaishia porini. Akinyamaza mmoja, amewakaribisha kwa wote. Kipande changu nilikitunga mwenyewe nikiwa msichana. Kinawatukana mama zao. Nakisifu kwa sababu kinafanya kazi.

Mjukuu wangu, binti anayesuka nywele Ifakara, alikuja kunisaidia akanirekodi na simu, akanirusha mtandaoni. Watu wakapenda. Kuna kijana mwenye studio pale mjini akapenda kuliko wote: alichukua sauti yangu, akaiwekea ngoma chini, akaiandikisha huko mtandaoni kuwa ni yake.

Sikujua. Nilijua siku mjukuu aliponirusha mara ya pili, wenye mtandao wakaifuta video. Akanisomea simu, uso umemshuka.

"Bibi, wanasema umeiba."

"Nimeiba nini?"

"Sauti."

"Ya nani?"

"Yako. Ila sasa ina mwenyewe."

Nilimwambia airudie, nikadhani nina usingizi. Akairudia. Akaniambia kuna sheria, kazi ya mtu hairushwi bila ruhusa yake. Nikasema sheria nzuri, sasa mbona imenigeukia mimi?

Kosa langu lilikuwa kumsimulia jirani. Yeye ni mama mtu mzima, ana ng'ombe, haogopi nyoka, lakini simu anaiogopa. Akaamini simu ikimsikia anaimba itamshtaki. Kwanza aliifunga kwenye soksi. Akaona haitoshi, akaizika ndani ya pumba. Mwisho akaacha kuimba kabisa, akawa anawafukuza ndege kwa kutikisa kanga, kimya, kama mtu anayemuaga mgeni aliye ndani ya treni. Ndege wakamtazama. Wakala kwake wakashiba, walioshindwa kupata nafasi wakaja kwangu. Habari ikafika mashamba ya mbele, nako wakanyamaza. Bonde zima likawa linapiga masufuria.

"Imba, mama," nilimpigia kelele kutoka dunguni.

"Uniletee polisi? Mimi sina studio."

Asubuhi moja yule kijana akaja na bodaboda, matope mpaka magotini, miwani ya jua kichwani. Mjukuu alikuwa amemlalamikia mtandaoni, na watu walikuwa wamemtukana vya kutosha. Akasimama chini ya dungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kutusaidia kuamia ndege shambani?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kukuruhusu."

"Kunifanyaje?"

"Nakuruhusu uimbe. Bure kabisa, mpaka mwisho wa maisha yako. Useme tu hapa kwenye simu kwamba umepokea ruhusa na unashukuru."

Akainua simu yake. Na hapo hapo kwelea wakashuka, wingu zima, mpunga ukainama. Jirani akaja mbio hadi mpakani.

"Pokea, mama, inakupunguzia nini? Tutakula nini sisi?"

Maneno yale yaliniuma, maana alikuwa akisema kweli. Niliutazama mpunga wangu unavyopungua. Nikamtazama yule mtoto aliyeniletea koo langu kama zawadi. Nikamwambia, "Koo langu siliombei ruhusa."

Kisha nikaimba. Niliwatukana mama za ndege, na siku ile sikuhakikisha kama ni za ndege tu. Wakainuka, wakaelekea kwa jirani. Akasimama ameziba mdomo kwa kanga. Halafu akaona wanatua kwake, kanga ikaanguka, akadaka wimbo. Mbele yake mwingine akadaka, na mwingine, mpaka sikusikia tena.

Kijana alirekodi yote, akaondoka amefurahi. Jioni akairusha kwa akaunti yake nyingine, wakaifuta. Walimwambia ameiba kazi ya yule kijana wa studio. Mjukuu aliponisomea hayo nilicheka mpaka nikaomba maji.

Mpunga tulivuna. Si wote, lakini magunia yalisimama ndani, na jirani aliniletea maziwa.

Juzi mjukuu amekuja tena na simu. Kijana ameleta ruhusa mpya, ya maandishi, ya milele, na jirani zangu wote wamo.

"Bibi, ni kubonyeza tu hapa palipoandikwa 'nakubali'. Hata huimbi."

Nilikuwa napepeta mchele. Sikuachia ungo.

"Mwandikie," nikamwambia. "Koo langu siliombei ruhusa."