Pikapu ya Sefu na sauti ya Bi Mwantumu

Jamani, leo mazoezini Kimamba, tukijiandaa kwa harusi tutakayopiga Mikumi, nimeona mtu mzima akimlaumu mama wa watu kwa kosa la nyuzi za gitaa lake mwenyewe.

Bi Mwantumu, mwimbaji wetu, aliugua, na sasa sauti yake imeshuka. Bado nzuri, ila nzito. Kwa hiyo magitaa lazima tuyashushe tyuni, yaani tulegeze nyuzi, tumfuate.

Sefu, kiongozi wa bendi, akaja na gitaa lenye pikapu mpya kutoka Dar. (Si gari. Ni kile kidude chini ya nyuzi kinachonasa sauti.)

"Hii inanguruma yenyewe," akatutambia.

Akashusha tyuni. Nyuzi zenyewe nyembamba kama za kushonea nguo! Zikalegea, zikawa zinalia kama nzi ndani ya kopo.

Mnajua alisema nini?

"Tatizo ni sauti ya mama. Harusi ya Mikumi tutafute binti wa kuimba."

Mbele yake! Bi Mwantumu akajifunga mtandio vizuri.

Hasira zikanipanda. Nikalichukua gitaa, nikafunga nyuzi nene nilizokuwa nazo, nikashusha tyuni ileile. Safari hii zikakazika. Mama akaimba mpaka mafundi baiskeli wa nje wakaacha kazi.

Sefu huyo, kifua mbele: "Mnaona pikapu yangu inavyofanya kazi?"

Bi Mwantumu akamgeukia. "Mwanangu, aliyeimba ni mimi. Na Mikumi naenda."

Sefu akaanza kukunja waya.

Haya, bendi zenu nazo zina mtu wa hivi, au tumependelewa sisi tu?