Kola za ngozi alizoshona baba na injini ya ndege iliyochemka Kurasini

Wakuu, salaam. Walionizidi umri, shikamooni, ingawa humu jukwaani najua hamzidi watatu.

Nianze kwa kukiri. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekana kwamba ndege ambayo baba yangu "aliiponya" ni yeye mwenyewe aliyeitia ugonjwa.

Nimeiandikia makala. Nimeisimulia kwenye harusi mbili na semina moja ya chuo, mbele ya watu wenye miwani. Kaka yangu akijaribu kunisahihisha, namwambia mzee alikuwa anachanganya mambo.

Mzee hakuchanganya kitu. Alikuwaga anasimulia kisa chote. Mie ndiye niliyekuwa nakata nusu.

Kilichonitoa mafichoni ni yule mkuu wa Boko aliyeuliza humu juzi kwa nini injini ya kindege anachokiunda uani kwake inachemka. Mkamshauri karibu nyote apanue matundu ya mbele, upepo uingie mwingi. Nikasoma, nikaona haya. Jibu ninalo, ila haliwezi kutoka bila ile nusu niliyoificha.

Kisa ni cha baba. Aibu ni yangu. Nakileta kama alivyokisema yeye, bila kukipiga pasi.

Miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Baba, Salum, Mzaramo wa Temeke, kijana ambaye hajaoa, ana cherehani moja barazani na jina dogo la ufundi.

Kurasini, nyuma ya maghala, kulikuwa na banda la Mgoa mmoja, Bwana Menezes, karani wa mizigo. Mpole, mwembamba, hana mke. Mshahara wake wote aliutia kwenye ndege ya watu wawili aliyokuwa anaiunda kwa michoro iliyomfikia kwa posta.

Makanika wake alikuwa Petro, Mnyamwezi wa Tabora, fundi hasa wa injini.

Baba aliitwa kushona mabawa. Ndiyo wakuu, kitambaa. Ndege ndogo za wakati ule zilivishwa nguo kama watu. Alishona vizuri mpaka Temeke nzima ikamwita fundi wa ndege, na wateja wakaanza kumfuata kutoka Kariakoo kushonesha kanzu za Idi. Kanzu na ndege vinahusiana nini? Hakuna aliyeuliza.

Basi Menezes akamwongezea kazi.

Nieleze hapa kidogo, na mafundi mnivumilie, mie nilisomea fasihi.

Injini ile ilipozwa na upepo, si maji. Upepo unaingia kwa matundu mawili mbele, halafu inabidi ulazimishwe kushuka katikati ya mapezi ya silinda, vile vibati vyembamba vinavyoizunguka, ubebe joto, utokee chini. Ili ulazimike, injini inazungushiwa kuta za bati. Lakini kuta haziwezi kugusa boneti, maana injini inatetemeka, bati litakula bati. Kwa hiyo juu ya kuta unaacha nafasi ya vidole viwili, na nafasi hiyo unaiziba kwa mikanda ya ngozi laini.

Mikanda hiyo ndiyo aliyopewa baba.

Akaitazama, akaona kola. Akaikata kama kola, akaigeuza kwa nje kama kola yoyote ya heshima inavyogeuzwa. Ikapendeza. Petro akamwambia, "Mtani, hii injini, si mwali wenu anayetolewa ndani."

Siku ya kwanza kuruka, Menezes hakufika mbali. Ndege ilipokuwa inapanda tu, mshale wa joto ukakimbilia kwenye nyekundu. Akageuza, akatua, shati limelowa.

Petro akapanua matundu ya mbele. Ikachemka vilevile. Akapanua tena. Ikachemka mapema zaidi. Menezes, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, akamwambia Petro mbele ya wapagazi kwamba labda angeanza na baiskeli.

Jumatatu baba alikwenda kutia kiraka kwenye bawa. Boneti ilikuwa wazi. Akaona mikanda yake yote imelala kwa nyuma, ncha zimenyanyuka, kama kola ya mtu anayekimbia kwenye upepo.

Akaelewa palepale. Upepo ulikuwa unaingia, unaisukuma ngozi, ngozi inafunguka, upepo unapita juu na kwenda zake. Haushuki kwenye mapezi kabisa. Kadiri Petro alivyoongeza matundu, ndivyo ngozi ilivyosukumwa zaidi.

Akatia kiraka, akaenda nyumbani.

Hii ndiyo nusu niliyokuwa nakata, wakuu. Alijua, akanyamaza. Jumanne akanyamaza, Jumatano pia, huku anashona kanzu za watu waliomfuata kwa sababu ya ndege hiyohiyo.

Jumatano jioni akasikia Menezes kachoka. Kasema Jumamosi anaruka na ndege hiyohiyo mpaka Morogoro kwa kaka yake, ikichemka ichemke.

Alhamisi asubuhi baba alikuwa mlangoni pa banda kabla ya Petro.

"Petro, kosa si lako. Kola nilizigeuza vibaya."

Petro akacheka mpaka akaweka spana chini. "Mzaramo anakiri kosa? Ngoja nimwite jirani ashuhudie."

"Wallahi nasema kweli."

"Ndivyo mlivyowaapia babu zetu walipofika pwani na pembe mabegani, mkawauzia maji ya kisima cha bure."

Kwa wageni: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za misafara. Wanatukanana mpaka msibani na hakuna anayenuna. Raha sana, mpaka siku unayotaka kuaminiwa. Wiki nzima baba alikuwa amemkejeli Petro kwa injini ile. Sasa kila alichosema kilikuwa kejeli nyingine.

"Niache nifanye kazi, mtani. Nenda kashone vitambaa vya meza."

Baba hakubishana. Akatoa kibiringo cha uzi mwekundu, akakata vipande kumi na viwili, akavilaza juu ya mikanda ya ngozi, akafunga boneti ikavibana. Akasema, "Washa. Kama ngozi inabana, uzi utabaki. Kama inafunguka, hutauona."

Petro akawasha, kwa dharau, ili amalize mchezo. Ndege imefungwa kwenye nguzo, injini inaunguruma, vumbi linatoka. Akazima, akafungua.

Palibaki uzi mmoja, nao umenasa kwenye skrubu.

Petro hakucheka. "Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi."

"Naam."

"Mwenzio nimetukanwa mbele ya wapagazi."

"Naam."

Wakamwendea Menezes pamoja. Baba akasema yote, hata ile Jumatatu. Menezes akauliza jambo moja tu: kuzigeuza kutachukua muda gani?

Siku moja. Safari hii baba aliilaza ngozi kwa ndani, ikiuelekea upepo, ili upepo wenyewe uigandamize kwenye boneti. Ukisukuma zaidi, inabana zaidi. Petro akarudisha matundu yalivyokuwa, akinung'unika Kinyamwezi. Wakajaribu tena kwa uzi. Vipande vyote kumi na viwili vilikuwepo.

Menezes hakulaumu, hakushukuru. Baba alisema afadhali angetukanwa. Alikwenda nyumbani akijua ufundi wake umeishia hapo.

Sasa somo, na naliweka hapa kwa sababu baada ya hapa sina la kuongeza. Mkuu wa Boko, acha kupanua matundu. Fungua boneti, angalia mikanda yako imelalia wapi, halafu weka uzi. Na ukikuta kosa ni la fundi wako, mpe nafasi ya kulisema. Sie wengine tunachukua miaka ishirini. Mafundi wa kweli humu, nikosoeni, na mwenye mzee aliyewahi kushona, kuchonga au kupiga rangi ndege za wakati ule, alete kisa chake hapa chini. Kizima tafadhali.

Jumamosi. Menezes kaondoka asubuhi, kaacha neno kwamba akifika atapiga simu ghalani anakofanya kazi. Baba na Petro wamekaa juu ya magunia ya katani tangu ndege ilipopotea machoni. Hawataniani. Adhuhuri ikapita.

Simu ikalia. Karani wa zamu akasikiliza, akauliza, "Salum ni nani?"

Sio Petro. Salum. Petro akamsukuma mgongoni. Hakuwa ameshika simu maishani. Akavua kofia kwanza.

Sauti ya Menezes ilikuwa mbali, inakatika. "Salum? Mshale haukufika hata nusu. Injini haikupata joto."

Baba akaibana simu sikioni.

"Mie ndiye niliyeganda kwa baridi huko juu. Nikirudi, njoo unipime koti."