Mikono ya Mama Mkubwa

Nilitoka Dar nikiwa nimechoka tayari. Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliugua moyo wakati wa masika. Sasa daktari alitaka apimwe pumzi ndipo iamuliwe kama aendelee kuishi peke yake kule Uluguru au ahamie kwangu. Chumba nilishamwandalia.

Mikese nilikunywa chai ya rangi nikiilaani safari. Kutoka Morogoro bodaboda ilinipandisha mpaka njia ilipoishia, nikamalizia kwa miguu, kila kona nasimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo? Mgonjwa nani hapa?"

Kesho yake tuliteremka hadi Mafiga, mjini Morogoro, kwenye ukumbi wa mazoezi alikotuelekeza daktari. Mashine yao huendeshwa kwa mwili mzima: miguu inakanyaga, mikono inavuta na kusukuma vishikio, kioo kinaonyesha mapigo ya moyo na nguvu unayotoa. Mama Mkubwa alikanyaga, shingo imenyooka, macho mbele. Dada aliyekuwa akimpima akatikisa kichwa.

"Nguvu ni ndogo, mama. Mlima hautakufaa tena."

Mama Mkubwa akaanza kukunja khanga yake.

Mimi nilikuwa nimeona. Vishikio vilikwenda na kurudi vyenyewe, yeye kavishika tu. Mwanamke aliyeteremsha tenga la mboga kichwani maisha yake yote hachezeshi mabega. Akichezesha, kabichi zinabiringika mpaka mtoni. Ningenyamaza, angehamia Dar, nami nisingeupanda tena mlima ule. Wallahi, nilitamani kunyamaza.

"Mama," nikasema, "kichwani huna mzigo. Vuta kwa mikono, kama unalima."

"Si mngesema mapema!"

Alipopumzika wakampima upya. Safari hii mashine ilinguruma, na yule dada akacheka kwa furaha. Mchana daktari alisoma majibu, akasema arudi nyumbani, ila mizigo apunguze.

Jioni tulipanda. Yeye mbele, mimi nyuma nimeshika kiuno.

"Lete huo mkoba, unatuchelewesha," aliniita kutoka juu.

Nilikataa, kwa aibu tu. Nimejifunza kwamba ukweli nao una mwinuko wake: nitakuwa nikiupanda mlima huu mpaka mmoja wetu aishiwe pumzi, na sioni dalili kwamba atatangulia yeye.