Kakakuona Penye Duara Langu

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo shida iliponishika. Mvua ilikataa. Ng'ombe wa baba walikufa mmoja baada ya mwingine mpaka tukabaki na zizi lenye mbolea tu. Baba akaenda kutafuta kibarua Mwadui kwenye almasi, hatukumwona tena. Mimi nikatolewa shule darasa la pili. Nasema haya ili ujue anayeandika ni nani. Kusoma nimejifunzia ukubwani, kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Mjukuu wangu ananirekebishia herufi. Maneno simruhusu kuyagusa.

Mwaka huohuo, njaa ikiwa bado haijakolea, wachungaji walimkuta kakakuona porini wakamleta kijijini. Kwetu mnyama huyo hauawi. Anapelekwa kwa wazee, anawekwa chini, mbele yake vinapangwa maji, unga, jembe na mkuki. Watu wote wananyamaza. Kile atakachokiendea ndicho kinachosema mwaka utakuwaje. Halafu anapakwa mafuta na kurudishwa palepale alipookotwa. Yule wa kwetu aliyapita maji bila hata kuyanusa. Wazee walishika vichwa. Niliona kwa macho yangu, nimejificha nyuma ya mama.

Basi, nilikua. Nilipika uji, nikapika wali, nikafuata dhahabu mpaka Rwamgasa na sufuria mbili kichwani. Niliwalisha wachimbaji mpaka wengine wakashindwa kunilipa kwa chochote isipokuwa fungu lao kwenye duara. Duara, kwa asiyejua, ni shimo la dhahabu. Fungu likazaa fungu, mwisho duara lote likawa langu. Hapo wanaume wakaniambia mwanamke haruhusiwi kusogea kwenye mdomo wa duara, dhahabu inakimbia. Nikawaambia dizeli ya pampu nanunua mimi, kamba nanunua mimi, na dhahabu ikinikimbia ikimbie, nitaifuata. Wakacheka, wakazoea. Leo ninasimama ninapotaka.

Miaka michache iliyopita, kiangazi, alikuja binti mmoja wa chuo kikuu akapanga chumba kwangu. Alikuwa anafanya utafiti wa biashara ya wanyama pori: nani anawakamata, nani ananunua, magamba ya kakakuona yanapelekwa wapi, na kwa nini wachimbaji wanayataka. Alizunguka siku nyingi. Jioni anakuja jikoni amenuna.

"Mama, kila ninayemuuliza anasema hajawahi hata kumsikia."

"Unawauliza umeshika kalamu," nikamwambia. "Hapa mwenye kalamu ni askari au mtu wa kodi. Weka kalamu, menya viazi."

Akamenya. Vibaya, lakini akamenya.

Asubuhi moja nikaitwa duarani. Vijana wangu walikuwa wamekwenda porini kukata matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za duara zisiporomoke, wakarudi na kakakuona. Wamemtia ndani ya pipa. Nilipofika na binti nyuma yangu, wamelizunguka lile pipa, kila mtu ana la kusema. Mnyama amejikunja kama mpira wa bati, hata pua haionekani. Pembeni kuna bakuli la ugali na dagaa.

"Shikamoo bosi," akasema msimamizi wangu, Msukuma wa Kahama, mtu wa makamo, mchapakazi. "Tumempa chakula, anaringa."

"Marahaba. Mmemleta afanye nini?"

Akajibu mwingine, mmoja mwenye kofia nyekundu aliyekuwa hodari wa kupasua mwamba na hodari zaidi wa kuongea. "Mama, neema imetufuata kwa miguu. Mganga ameshatuambia, magamba yakifukiwa mdomoni mwa duara, dhahabu inapanda yenyewe. Yatakayobaki kuna mnunuzi, nimeshampigia simu, yuko njiani na pikipiki."

Binti akaninong'oneza kwamba ni kosa la jela, na kwamba wanyama hawa wamebaki wachache sana kwa sababu ya simu za namna hiyo. Hilo la jela nililijua. Kuhusu uchache nilifikiri kidogo. Tangu yule wa utotoni, huyu ndiye wa pili kumwona akiwa hai. Nimeishi miaka yote hiyo, katikati ya mapori.

"Hauawi," nikasema. "Wala hauzwi."

Mwenye kofia akaweka moko lake chini, ile tindo ya chuma ya kupasulia mwamba.

"Basi sisi tunaondoka. Duara limekauka toka Pasaka, tumevumilia. Mungu analeta bahati, wewe unairudisha porini? Utashuka chini mwenyewe, bibi."

Wengine wakaguna kukubaliana naye. Nikawatazama. Duara bila watu ni kaburi linalosubiri maji. Nilikuwa na deni la pampu na sikuwa na kitu kingine kilichoitwa changu ila lile shimo. Wakiondoka, narudi kwenye sufuria mbili. Kila aliyekuwa pale alilijua hilo, na yule wa kofia alilijua kuliko wote.

Nikamgeukia msimamizi. "Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Si unajua, mayu." Aliponiita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, nikajua nimempata.

"Babu yako alimfanyaje mnyama huyu?"

Akatazama chini. "Alimuuliza."

"Basi na sisi tumuulize. Mkishamuuliza, atakachosema ndicho. Akichagua vitu vyenu vya dhahabu, mimi naondoka hapa, mtajua wenyewe na polisi wenu."

Mwenye kofia akacheka mpaka akakohoa. "Haya! Uchaguzi! Tumpe na karatasi ya kura?" Lakini akakubali. Wakamtoa kwenye pipa, wakaweka mbele yake bakuli la maji, unga kwenye sinia, jembe. Yeye akaongeza moko lake na jiwe lenye dhahabu la mwisho tulilotoa. Binti akaomba kitu kimoja tu: pampu izimwe na watu warudi nyuma. Ikazimwa. Sijawahi kusikia Rwamgasa kimya namna ile. Wanaume wasioweza kunywa chai bila kugombana walisimama kama kanisani. Mmoja alishikwa na kikohozi, wakamkodolea macho mpaka akakimeza.

Tulingoja sana. Jua likatuchoma. Kisha ile bati ikafunguka kidogo, pua ikatoka, akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama mzee anayewaza. Akaenda. Akapita unga. Akapita maji. Akaenda moja kwa moja kwenye jiwe, na mwenye kofia akaanza kuinua mkono ashangilie. Akalikanyaga jiwe, akalipita, akafika kwenye rundo la matimba yetu ya akiba tuliyokuwa tumeyakata mwaka wa nyuma. Akaanza kuchimbua kwa makucha. Ganda la gogo likafumuka. Ndani, mchwa mtupu! Ulimi mrefu ukatoka, akala, anakula kama mtu wa msibani.

"Ana njaa tu," akasema binti taratibu. "Ndicho chakula chake."

Msimamizi hakumsikia. Alikuwa amelishika lile gogo, limevunjika mikononi mwake kama mkate mkavu. "Haya," akasema, "ndiyo ndugu za yale tuliyosimamisha chini."

Walishuka wawili na tochi wakarudi nyuso zimebadilika. Upande mmoja wa duara ulikuwa umeshikiliwa na magogo yaliyobaki ganda. Vijana walikuwa wazame, yaani washuke kuchimba, palepale baada ya chai.

"Njaa yake ndiyo iliyosema," akasema msimamizi.

Mimi sisemi kwamba mnyama alitabiri. Nilikuwa na hasira, nilitaka kushinda, nikashika nilichokijua. Lakini kama si mimi kubisha, angekuwa ameshachunwa, na watu wangu wangekuwa chini ya udongo. Hilo nalisema kwa mdomo mpana.

Mnunuzi alipofika na pikipiki yake, mwenye kofia mwenyewe ndiye aliyemwendea. "Geuza," akamwambia. "Huyu ni fundi wetu wa matimba." Watu wakacheka mpaka mnunuzi akadhani anachekwa yeye. Akageuza.

Binti akawapigia simu watu wa wanyamapori. Wakaja, wakamchukua, na mimi nikapanda gari lao bila kualikwa, nikahakikisha ameachiwa palepale alipookotwa. Mafuta nilimpaka kidogo mgongoni. Ofisa mmoja alitaka kunizuia, nikamtazama.

Baada ya hapo vijana wenyewe ndio waliomfuata binti jikoni. Walimweleza yote: waganga wanasema nini, mnunuzi anapita lini, magamba yanafichwa kwenye magunia gani. Alisikiliza huku anamenya viazi, na safari hii alimenya vizuri. Hakuandika jina la mtu. Alirudi baadaye na kitabu cha utafiti wake, akatusomea kwa Kiswahili chini ya turubai la mgahawa wangu. Mwenye kofia aliposikia maneno yake mwenyewe yakisomwa akasimama akainama kama mbunge.

Dhahabu? Mwaka ule haikuja. Tulibadilisha matimba yote, tukachimba upande mwingine, ikaja mwaka uliofuata, kwa jasho, bila gamba la mnyama yeyote.

Leo ninacho hiki. Maduara mawili, moja linatoa, moja limelala. Karasha moja ya kusagia mawe. Mgahawa. Nyumba ya tofali Rwamgasa na nyingine kijijini kwetu, zote za bati. Ng'ombe, na Msukuma haulizwi idadi. Shamba la dengu. Na ngitili, ile sehemu ya malisho tunayoifunga isiguswe mpaka kiangazi, palepale lilipokuwa zizi tupu la baba. Vichuguu vyake vyote vya mchwa vimesimama. Wanaokuja kutaka udongo wa tofali nawafukuza.