Fundi Vipepeo Hakunji Jamvi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Vipepeo, na wengi walimwita hivyo kwa kumcheka. Mchana alishona suruali za watu. Kazi ikiisha, alichoma wadudu pini. Kila kipepeo alimtoboa katikati ya kifua, akamtandaza mabawa juu ya ubao wenye mfereji, akayabana kwa vipande vya karatasi mpaka yakauke. Mkewe alishazoea kulala chini ya masanduku ya vioo. Alisema afadhali mume anayekimbiza vipepeo kuliko anayekimbiza mengine.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Daktari akautajia ugonjwa jina refu. Fundi akamwambia jina abaki nalo, yeye anataka mikono yake. Wateja wakahama mmoja mmoja. Hilo alilimeza. Lakini alipovunja mbawakavu watatu, wadudu wa mabawa magumu, kwa mpigo, binti yake, muuguzi aliyezoea kuamrisha wagonjwa, akaona muda wa kukunja jamvi umefika.

"Baba, nimeongea na mwalimu wa sayansi," alisema. "Kesho anakuja na gari kuchukua masanduku yote. Watoto watajifunzia."

"Kwani nimekufa?"

"Hujafa. Ila unawavunjavunja, halafu unaumia wewe. Unadhani sikuoni?"

"Kama unaniona, niache."

Binti hakujua kilichokuwa ndani ya kopo mezani. Juu ya kitambaa chenye unyevu, asikakamae, alilazwa nondo dume, kipepeo wa usiku mwenye madoa kama macho, ambaye fundi alimkuta asubuhi hiyo amefia dirishani. Jike wake alikuwemo sandukuni tangu binti huyo huyo akitambaa, na pembeni yake nafasi ilikuwa tupu miaka yote hiyo. Dume alikuwa huyu mmoja tu. Pini ikienda upande, kifua kinapasuka, na habari imeishia hapo.

Binti akafunua kopo, akaelewa. "Nipe nikuchomee. Mimi kutwa nzima nachoma watu sindano."

"Huyu ni wangu."

"Na mkono je, baba?"

Fundi akauweka mkono wa kulia mezani. Ukatikisa meza, kijiko kikalia kwenye kikombe. Alitaka kulia na yeye, lakini hakuwa tayari kuupa mkono ule raha hiyo. Akageukia cherehani.

Alilegeza skrubu, akachomoa sindano ya kushonea, akapachika pini ya wadudu, akiizungushia uzi kidogo isicheze. Akaondoa mguu unaokandamiza kitambaa. Nondo akambana kati ya vipande viwili vya sponji, chini ya ncha ya pini. Yote hayo yalimchukua muda mrefu, na mara mbili skrubu ilimponyoka ikaviringika chini ya kabati. Aliyepiga magoti kuitafuta ni fundi mwenyewe.

"Leo anamshonea suruali," mkewe alisema mlangoni.

Fundi akashika gurudumu la cherehani. Mkono ulitetemeka, gurudumu likatetemeka nao, lakini pini haikuwa na njia nyingine ila kushuka wima. Ilishuka polepole, ikazama katikati ya kifua. Akalegeza skrubu, na nondo akabaki na pini yake.

Mabawa hayakuwa na cherehani. Hayo aliyavuta mwenyewe kwa ncha ya sindano, jasho likimtiririka, binti akishika karatasi kwa sababu ndicho alichoruhusiwa kushika. La kulia lilikaa. La kushoto likachanika ukingoni.

"Limechanika, baba," binti alisema taratibu.

"Nimeona. Bana hivyo hivyo."

Binti akabana. Kisha akauliza amwambie nini mwalimu.

"Mwambie aje," fundi alisema. "Watoto nao waje, nitawafundisha. Ila hilo gari aliache kwake."